Sabuni ya Mche

Mama alikuwa mweka hazina wa kanisa pale Kaloleni,
mwanamke wa kuhesabu sadaka mara tatu
na kurudi dukani, mvua inanyesha,
kumrudishia mwenye duka senti ishirini alizozidisha kwenye chenji.
Lakini stempu,
stempu ilikuwa na dini yake.

Alipitisha kidole juu ya mche wa sabuni
akampaka yule kipepeo wa shilingi moja na nusu
utando mwembamba, mwembamba kama uongo wa mtu mwaminifu,
akapuliza ukauke.
Mhuri ungeigonga sabuni, si kipepeo.
Huko Kapenguria kaka yangu Ogola, kidato cha pili,
angemloweka kwenye kikombe cha bweni,
wino ungetoka kama tope miguuni,
naye angemrudisha ndani ya barua:
*Sijambo. Soksi zimeisha. Kipepeo huyo hapo.*

Kipepeo mmoja alivuka Bonde la Ufa mara kumi na moja.
Rangi ilimpauka, meno ya pembeni yakang'oka moja moja.
Sisi tukanunua mafuta ya taa.

Nilimuuliza, nina miaka tisa: Mama, huu si wizi?
"Gari la barua litakwenda Kapenguria, tuwemo tusiwemo.
Barua yetu ina uzito gani?"
Nikasema, basi hata gari moshi litakwenda Kisumu,
mbona tunakata tiketi?
Akapaka. Akapuliza.
Kisha akaniambia nikaoshe vyombo.

Siku moja mdomo wa sanduku la nje ulizibwa kwa ubao,
nikaipeleka barua ndani, dirisha la tatu,
kwa Bwana Ndeto mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea viatu.
Akalamba kidole gumba, akamgusa kipepeo.
Kidole kikateleza.
Akanitazama. Nikatazama kalamu yake iliyofungwa kwa mnyororo.
Akatia mkono mfuko wa suruali, si droo,
mfuko wa suruali,
akahesabu sarafu, akaziangusha kwenye droo ya serikali,
akabandika stempu mpya kando ya ile kuukuu,
akagonga mhuri, ta!
"Mwambie mama sabuni hii inafaa sana kwa kola za mashati."

Sikumwambia.
Ubao uling'olewa Jumatatu
na mimi nikaendelea kwenda dirisha la tatu.
Mara nne. Mara tano.
Mama akashangaa vipepeo wanavyozaana,
akamsifu Ogola kwa mikono myepesi.
Mara ya sita Bwana Ndeto alikuwa amevaa viatu
vilivyokatwa mbele ili vidole vipumue,
nikaviona, na bado nikampa bahasha.

Sasa ndiye nisemaye na wajukuu
kuhusu kubipu watu na kukata simu,
kuhusu chenji, kuhusu foleni.
Hawaoni tofauti, nami sina haraka ya kuwaeleza.
Mama alizikwa akiwa hana deni kwenye daftari lolote la kanisa.

Mwaka jana nilimwandikia Bwana Ndeto.
Nilipewa sanduku lake la zamani na karani kijana
aliyeniuliza kama nina hakika hutaki kutuma ujumbe tu, bibi.
Nilinunua stempu kwa bei kamili,
nikailamba kwa ulimi wangu,
nikaandika kurasa mbili, nikatia noti mbili za elfu.

Imerudi leo. Imeandikwa kwa kalamu nyekundu: *Hayupo.*
Noti zimo. Kurasa zimo.
Na stempu, nimeivalia miwani, nimeipeleka dirishani kwenye mwanga:
hakuna aliyeigonga mhuri.
Safi. Nzima. Meno yote.

Birika limeanza kuchemka jikoni.
Nimesimama mlangoni na bahasha mkononi
nikitazama mvuke unavyopanda,
unavyopanda.