Hesabu ya Usiku, Yr Wyddfa

Heledd amepiga magoti kwenye changarawe,
tochi kwapani, kidole kikipekua zaatari.
"Mmoja," anasema. Ukungu unameza neno.

Mgongoni shaba, kijani, buluu, wekundu wa kaa,
kama mafuta ya gari kwenye dimbwi la mvua.
Ana mbawa, ila kuruka hataki;
dunia yake ni vichaka vitatu na jiwe.

Mama alimtaga juu ya jani, akaenda zake.
Buu akala kitanda chake,
akajizika, akakaa udongoni kimya kama deni,
hadi Juni ilipomtoa na vazi hili
la harusi ya nani?
Kondoo wamelala.

"Wawili."
Mwaka jana walikuwa kumi na mmoja.
Penseli haifutwi na mvua;
anaandika, anasogeza magoti.