Kipilefti

Kadi zimebandikwa hadi mlango wa friji,
hadi kioo cha bafuni, ambako mimi hupiga mswaki
nikitazamana na neno la herufi sita.
Zuwena anasema maana yake ni bahili,
ila bahili anayesifiwa.

Mtihani ni Septemba. Watoto wengi, viti vichache.
Tharshan wa nyumba ya pili ameshakariri maneno elfu;
mama yake aliniambia pale kwenye mapipa ya taka,
kwa sauti ya mtu anayetaja homa.

Narudi kutoka ghalani alfajiri,
viatu mkononi nisimwamshe,
kumbe yuko macho, kajikunja kwenye ngazi,
anameza visawe kama vidonge bila maji.
"Mama, nipe kinyume cha ukarimu."
Nami niliyekesha nikisoma namba za rafu
nampa nilichonacho: uchoyo.
"Hilo hawaliulizi," anasema,
anageuza kadi.

Jumapili tukapanda basi kwenda Bletchley kununua penseli.
Manyunyu. Mji wetu huu, Milton Keynes,
hauna kona, una mizunguko tu,
basi linazunguka, linazunguka tena,
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.
Nikasema, bila kufikiri, "Tunashuka kipilefti kijacho."
"Kipi?"
"Kipilefti."
Akanyamaza. Kisha akaliandika kwa kidole
kwenye ukungu wa dirisha,
akalipasua katikati kwa ukucha,
na humo ndani akayakuta maneno mawili ya shuleni kwake,
amri ya kibao cha barabarani: shika kushoto.
Akacheka hadi dereva akatutazama kwenye kioo.

Nikamwambia: ndivyo tulivyowasikia.
Wao wakatoa amri, sisi tukaivika ki-,
tukaipa wingi wake, vipilefti, vyetu, vingi,
tukaendesha kuuzunguka.
Hakuna aliyetusahihisha.
Hakuna aliyetupa alama pia, akasema yeye,
na hapo sikuwa na jibu.
Kituo chetu kilikuwa kimeshapita.

Leo asubuhi, povu mdomoni,
naliona neno la bafuni limeongezewa herufi mbili mbele,
kwa penseli mpya, kwa mkono mdogo:
ki. Limeshushwa cheo.
Limekuwa kitu cha kubebeka mfukoni.

Sikulifuta.
Ngazini anahesabu kwa sauti, amefika mia nne na tatu.
Zimebaki wiki kumi.