Gundi

Asali ina wenyewe.
Inasifiwa misikitini, inapimwa kwa chupa Wete,
inagombewa hata na wasiojua mzinga hufunguliwa upande gani.
Mimi nakitaka kinachobaki kwenye kisu:
gundi, nyeusi ya kahawia, ing'ang'aniayo vidoleni
mpaka wali wa jioni unaula na harufu ya msitu.

Mama mdogo Mize ana mizinga tisa, nyuma ya mikandaa ya Kiuyu.
Wenziwe gundi waliitupa. Yeye aliitia kwenye kopo la maziwa ya unga,
kidogo kidogo,
kama awekaye senti za safari asiyoitaja.

Siku moja alinifunulia mzinga wa saba.
Chini, pembeni, mjusi kafiri:
aliingia kuiba, wakamuua, akawashinda uzito.
Basi walimziba. Mkia, tumbo, hata kucha.
"Tangu masika huyo. Nusa."
Nikanusa. Utomvu, udi kidogo,
kitu kama ganda la chungwa. Uvundo hamna.
"Waliomuua ndio waliomvika sanda,"
akasema, akafunika.

Dawa yenyewe kaidi. Maji haiyataki,
uichemshe mpaka sufuria ilie.
Faki wa duka la dawa alisema, "Itie spiriti."
Mama mdogo akamtazama kama aliyetukanwa.
Mafuta ya nazi, basi, moto wa makumbi,
adhuhuri mpaka alasiri,
akachuja kwa kanga kuukuu.

Nimeona: mguu wa mchuma karafuu, tawi limeuchana,
umekauka bila usaha.
Mdomo wa mwana wa Chumu.
Jino langu, usiku wa manane:
punje moja, ufizi ukafa ganzi, nikalala.
Nimeona pia Ngwali alivyovimba shingo,
akajikuna siku tatu.
Tangu hapo kila mtu hupakwa kwanza kitone mkononi,
huambiwa, "Rudi kesho."

Kidole chake mwenyewe, cha mguu, chenye kidonda cha sukari,
kilikataa.
Alipaka wiki mbili. Ya tatu akafunga kopo,
akavaa buibui, akapanda gari ya Chake,
hakumlaumu nyuki wala daktari.

Karudi na vidole tisa.
"Sasa tumelingana," anasema, "mimi na mizinga."
Kisha, hata maji hajanywa:
"Ule ufa wa mzinga wa saba, mmeuziba?"

Wameuziba wenyewe.