Zamu ya Usiku Penye Kipimo cha Maji

Saa nne usiku: mia nane na kumi na mbili.
Mwalimu Etelka anaandika kwa penseli butu
katika daftari la miraba.
Mimi nimeshika tochi, buti zimejaa mto Tisza.
Nyuma yetu, juu ya tuta, watu wa kijiji
wanapokezana mifuko ya mchanga
kama wanaopokezana mtoto aliyelala.

Saa tano: mia nane ishirini na sita.
"Kumi na nne," anasema, na kimo hakiandiki tena,
anaandika kumi na nne tu, pembeni, ndani ya duara.
Saa sita: kumi na moja.
Saa saba: nane.
Piroska wa duka la mikate analia kwamba mto bado unapanda.
"Unapanda," anajibu mwalimu. "Unapanda kwa kuchoka."

Nilisoma kwake miaka minane iliyopita.
Alinipa mbili, alama ya huruma; chini yake ni kufeli.
Ubaoni alichora mkunjo kama mgongo wa paka,
akaegemeza rula juu yake, akaitembeza:
hapa rula inatazama juu, mkunjo unapanda;
hapa inatazama chini, unashuka;
na pale katikati rula imelala kama meza.
"Huu ndio mwinamo," alisema. "Hauulizi uko wapi.
Unauliza unaelekea wapi, na una haraka gani."
Mimi nilikuwa nikitazama dirishani.
Nje kulikuwa na mto.

Saa nane: nne.
Saa tisa: sifuri.

Arobaini na tisa, na arobaini na tisa tena.
Gergő akarusha koleo hewani.
Mtu akafungua chupa ya pombe kali ya plamu,
kasisi akaanza sala ya shukrani,
nami, nikitaka kulipa deni la ujana,
nikapaza sauti: "Mwinamo sifuri! Kilele!"

Mwalimu hakuinua kichwa.
"Sifuri ni mlango, Bálint. Hujaona nani anatokea."
Maana rula hulala penye kilele,
hulala bondeni pia,
na mara nyingine hulala njiani tu,
kama mpanda mlima anayeinama kufunga kamba ya kiatu
kisha akaendelea kupanda.
"Usiniletee sifuri peke yake.
Niletee alama ya kabla na alama ya baada."
Kabla: chanya.
Baada: giza.
"Rudini kwenye mifuko."

Walimchukia kwa saa nzima.

Saa kumi, mto Szamos ukawa umewasili,
umebeba theluji iliyoyeyuka, mlango wa zizi,
na mbwa mzima juu ya banda la kuku.
Tatu.
Saa kumi na moja: tano.
Sasa hata haraka ilikuwa ikiongeza haraka,
na hapo nikaelewa, si kwa kichwa, kwa magoti,
kwamba maji kuwa juu ni jambo moja
na maji kukaza mwendo ni jambo jingine.
Tuta letu liliishia mia nane na sabini.
Ni kweli, maji yakijaa hupwa.
Methali haikusema saa ngapi,
wala haikubeba mfuko hata mmoja.

Saa kumi na mbili: mbili.
Saa moja asubuhi: sifuri.

Safari hii hakuna aliyerusha koleo.
Watu thelathini walisimama wakitazama ubao
wenye mistari myeusi na myeupe.
Nilidhani kilele kitapiga kelele.
Hakikupiga. Maji yalikuwa mazito, laini,
juu kuliko saa yoyote ya usiku ule,
na unyoya wa bata ulinata kwenye mstari wa hamsini na tisa
usijue pa kwenda.

Saa mbili nilipiga magoti kwenye tope.
Hamsini na nane.
Mwalimu akaandika moja, halafu mbele yake
kistari kifupi, cha kulala,
akakikandamiza hadi penseli ikakatika.
Piroska akaketi juu ya mfuko, akavua buti,
akaumwaga mto.

Nikauliza kama ile mbili yangu yaweza kupandishwa.
"Ulisema kilele saa nne kabla ya wakati," alisema.
"Mbili ibaki. Nipe kahawa."