Dakika Tatu

Luku imebaki yuniti moja na kidogo.
Ninajua hata kabla sijawasha taa,
kwa jinsi kile kimita kinavyolia ukutani
kama kifaranga kilichosahauliwa nje.

Saa tatu usiku, Nkuhungu.
Nimefunga duka la dawa, nimerudi
na vumbi la Julai kwenye kope,
mkononi tambi za pakiti, mbili, kutoka kwa Chilongani,
ambaye siku hizi haniulizi kitu:
akiniona tu, mkono wake umeshafika rafuni.

Sufuria dogo. Maji vikombe viwili.
Ninazivunja tambi zingali ndani ya pakiti,
kru, kru,
na mama kutoka kitandani:
"Nini hicho unachokanyaga?"

Mama ana jicho moja usiku huu.
La pili limelala chini ya pamba na plasta;
jana wamemtoa mtoto wa jicho,
naye akawaambia wauguzi,
"Nimejifungua na miaka sitini na tisa,
tena bila mume."

"Ni chakula, mama."
"Utakipika saa ngapi, na usiku huu?"
"Kimeshapikwa. Dakika tatu tu."
Akanyamaza.
Mama akinyamaza hivyo, ujue anapiga hesabu.

Ninamwaga ule unga wa njano,
ninakamua kile kimfuko cha mafuta,
cha pilipili ninakificha.
Chumba kizima kinanukia kuku
ambaye hakuna aliyemchinja.

Uma anaukataa.
Anaokota uzi mmoja kwa vidole,
anauinua hadi kwenye jicho lililobaki.
Unamponyoka. Anaokota tena. Unamponyoka.
"Vinateleza!" anasema,
na kwa mara ya kwanza tangu ashuke basi la Haneti
anacheka mpaka anashika plasta.
"Hebu nipe furushi langu."

Chini ya khanga, chini ya kadi ya kliniki,
kuna kitambaa chenye fundo,
na ndani ya fundo ukijani mkavu, laini kama ugoro.
Mlenda.
"Maji ya chai yanachemka?"
Yanachemka. Mita inalia.
Anatupa konzi moja, na chembe ya magadi,
anakoroga, anaonja, anazima jiko mwenyewe.
Mimi hata kijiko sijakipata.

"Dakika mbili," anasema.
Kisha, akipuliza:
"Ila mimi nimeanza kuupika mwezi wa tatu."

Mwezi wa tatu. Ninamwona
ameinama katikati ya mtama,
anachuma jani kwa jani, jicho limejaa ukungu,
anaanika, anafukuza mbuzi wa Mzee Mhogolo,
anatwanga, anapepeta, anarudi kutwanga,
mwaka ambao uwele haukujaza hata debe.

Ninaigeuza pakiti tupu kwenye mwanga.
Na huyu je, aliyeanza kunipikia mimi?
Amesimama kwenye mashine gani, na kofia ya nailoni,
akikaanga tambi za mtu asiyemjua?
Zamu yake iliisha saa ngapi?
Alirudi nyumbani, akala nini?

Tulikula vyote, bakuli moja.
Sitasema vilipatana.
Mama alisema panakosekana ugali, na ni kweli,
na kabla sijajibu umeme ukakata.
Giza. Vijiko viwili vikitafutana.
"Haya," akasema, "sasa tumelingana macho."

Asubuhi niliikuta karibu na jiko:
ile pakiti, imeoshwa, imekaushwa kwa upepo wa dirishani,
imejazwa mlenda na kufungwa kwa uzi mweusi.
Juu yake bado ile picha
ya yai lililokatwa katikati, ambalo ndani halimo kamwe.

Nikaigeuza nyuma, kwenye maelekezo,
kwa mazoea tu.
"Usihangaike kusoma," mama akasema kutoka mlangoni,
akiwa amelikunjia jua lile jicho moja.
"Maji tu. Na uwahi kurudi."