Kilomita ya Thelathini

Siku ile tulijaa kwa Chemayiek, mkahawa wote,
hata wenye madeni ya chai waliruhusiwa kuingia.
Mama alikuja mikono inanuka vitunguu,
akaketi mbele kabisa, goti likigusa runinga,
kana kwamba Naibei angesikia akiitwa.

Tukamwona. Wa kwanza!
Fulana ya milia, kifua mbele,
na ule mkono wa kushoto anaoutupa nje kidogo
tangu alipoanguka kutoka kwenye mparachichi.
Nyuma yake wanaume wa nchi saba
wakimfuata kama ndama wafuatao ndoo.
Jina la mji sikulishika. Ulikuwa na mto, na madaraja,
na watu wenye makoti ya mvua wakimpigia makofi bila kumjua.
Fundi Psiwa akapanda juu ya benchi:
"Huyo! Viatu vyake vya Chwele nilivishona mimi, kwa uzi wa gunia!"

Kisha, kilomita ya thelathini,
Naibei akatazama saa, akapinda kulia,
akasimama kando ya barabara, mikono kiunoni,
na mbio zikaendelea bila yeye.

Mkahawa ukanyamaza. Jikoni chai ikafurika.
Mama akageuka: "Nani amemtoa?"

Hakuna aliyemtoa, Mama. Ndiyo kazi.
Wanaiita kazi ya sungura.
Unawavuta wenzako kwa mwendo ulioandikwa kwenye karatasi,
unawakinga upepo, halafu unapotea
kabla picha hazijapigwa.
Nilimweleza mara tatu. Ya nne akasema
sungura amjuaye yeye hula shamba la watu,
hawalimii.

Lakini alilima, tukala.
Mabati ishirini na manane ni mbio za vuli.
Ng'ombe mwenye pembe moja ni zile za mvua,
alipoumwa tumbo njia nzima na bado akafika thelathini.
Karo yangu ya kidato cha tatu
ni goti.

Miaka minne. Ukutani hakuna medali,
pana kalenda ya duka la mbolea
na vitambaa vya kifuani visivyo na namba,
vina neno moja tu, jina la kazi yake kwa lugha ya kule.

Aprili akarudi, akasema hataki mkataba mwingine.
Anataka kumaliza.
Wakala alipiga simu; ikalia ndani ya gunia la viazi
mpaka ikachoka.

Shida ni mguu. Hauumi. Umezoea.
Barabara ya Kaptama tuliipima kwa pikipiki ya Kiboi:
thelathini inaangukia kwenye kalvati iliyobomoka ukingo,
pale watoto huogeshea punda.
Kila akifika hapo, mguu unasimama wenyewe
kama punda aliyeona kwao.
Mara ya kwanza alicheka.
Mara ya tano alikaa ukingoni, akaupiga ngumi,
kisha akaomba radhi, sijui kwa nani.

Leo nipo kalvatini tangu saa kumi na mbili,
chupa ya chai ndani ya leso,
simu yake mkononi, sekunde zikikimbia kijinga.
Ukungu umeshuka kutoka msituni, umekalia nyua za watu.
Namsikia kabla sijamwona:
pumzi, kokoto,
pumzi.
Nimeonywa nisiseme neno. Nimeuma pindo la leso.

Anafika. Mguu unasita, nauona unasita,
kisigino kinauliza.
Hanitazami.
Mkono wa kushoto unatupwa nje
na hatua kumi mbele ukungu unamla mzima.

Natega sikio, kama kokoto zitanyamaza.
Mbwa anabweka kule juu kwa akina Cheprot.
Mwingine, mbali zaidi, anapokea.
Chaji imebaki asilimia sita.
Sijabonyeza.