Bei ya Leo, Mpakani Aflao

Kijana wa chuo alikuja na karatasi ya safu mbili,
Ghana kushoto, Togo kulia,
katikati mstari alioupiga kwa rula.
"Mama Enyonam, wewe umevunja fedha hapa miaka mingi.
Uchumi. Hali ya maisha. Vivutio.
Nchi ipi bora?"

Nikamwambia avute kigoda, ila asinizibie wateja.

Uchumi uko hapa, chini ya kikokotoo.
Hii ni sidi. Ishike.
Hulala imeshiba, huamka imekonda.
Hii ni faranga. Haitikisiki,
maana kamba yake imefungwa ng'ambo,
kwenye mti tusioupanda sisi.
Yupi bora: mbuzi wa kamba, anayenenepa kwa kiasi,
au mbuzi huru, leo kala mahindi ya jirani,
kesho kala fimbo?
Akaandika. Sikuona aliandika mbuzi yupi.

Ghana ina dhahabu, kakao, na mafuta baharini;
redio huyataja kama vyombo vya bibi arusi.
Togo ina fosfeti na bandari yenye kina,
na usiku meli zikisubiri zamu, taa zake
ni mji wa pili, usiolipa kodi wala bili ya maji.
Mimi katika yote hayo nina meza hii,
mguu mmoja nimeuinua kwa kizibo cha soda.

Hali ya maisha, basi.
Dada yangu Sefakor alibaki Aflao,
mimi nikaolewa Kodjoviakopé.
Ukuta uko katikati; jogoo wake ndiye huniamsha.
Wanawe husoma kwa Kiingereza, wangu kwa Kifaransa,
wakigombana hutukanana kwa Kiewe
na hapo hakuna anayekosea sarufi.
Umeme ukikatika kwake hunipigia: "Kwako upo?"
naye anajua bwawa lao huwasha na balbu yangu.
Kwake mwalimu humtukana waziri redioni
kisha hurudi nyumbani kula.
Kwangu tunapunguza sauti kwanza.
Usiandike hilo.
Au liandike, jina langu liache.

Mwaka ule mpaka ulipofungwa kwa maradhi,
dada alinirushia vidonge vya presha juu ya ukuta,
ndani ya soksi ya mwanawe.
Hiyo utaiweka safu gani?

Vivutio. Wageni hupita hapa na mabegi migongoni.
Waendao magharibi wanatafuta ngome za pwani;
nimewaona wakirudi, hawasemi sana.
Waendao mashariki wanataka soko la mafuvu ya nyani,
na nyumba za udongo za kaskazini, zenye vichuguu vya minara.
Na kuna maporomoko kule milimani:
maji huzaliwa Togo, huangukia Ghana,
kila upande una jina lake na kiingilio chake.
Maji yenyewe hayajawahi kuulizwa pasi.

"Lakini Mama, ni ipi?"

Jua lilikuwa limefika kwenye kisanduku.
Nikamkumbuka mama yetu:
kaburi lake liko kwa Sefakor, chungu chake kiko kwangu.
Kila Agosti navuka kumpalilia,
natoa kitu kidogo kwenda, kitu kidogo kurudi,
kiasi kile kile. Walinzi wale wawili
wameelewana kuliko serikali zao.

"Hapo," nikasema, "andika bei ya leo.
Kesho upite, ufute."

Akacheka. Akabadili sidi zake zote,
akabishana nami kwa faranga hamsini
kama aliyezaliwa kwenye lango hili,
akaenda kuwauliza wa Lomé.

Kalamu yake aliisahau mezani.
Naandikia madeni. Wino wake mzuri, haukwaruzi.